Baba na ule mstari wa biro nyekundu

Baba alikuwa na kitabu cha mazoezi cha kurasa 96, na kila ukurasa alikuwa ameupiga mstari katikati kutoka juu mpaka chini, kwa rula, na biro nyekundu. Kushoto ameandika WALIOOKOKA. Kulia ameandika WA KUOMBEWA. Halafu majina. Kitabu kilikuwa kinakaa juu ya kabati ya vyombo kando ya Biblia na hakuna mtu alikuwa amekatazwa kukiangalia, na hiyo ndio ilikuwa mbaya, juu ukitaka kujua mtu fulani ni wa nani unapanda tu stuli unasoma. Mjomba wa Nakuru, kulia. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa kushoto, halafu akaonekana na suruali kwa harusi ya dadake, akahamishwa. Mimi niliingia kushoto nikiwa na miaka saba, niliokoka kwa krusedi, na kila wiki nilikuwa napanda hiyo stuli kuhakikisha bado niko.

Hii ni Dandora, Phase 2, hapa Nairobi, miaka ya tisini. Baba alikuwa anafanya kazi Inda, kule kwa viwanda, karakana ya vyuma, na jioni na wikendi yote ni mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe silitaji, na sio kwa kuogopa, ni vile tu hakuna haja, ukitoka huko Eastlands unajua makanisa kama hayo kumi. Hakuna TV. Hakuna msichana kuvaa suruali wala kusuka rasta. Redio ni ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo pekee. Na usiulize kwa nini kinanda kilikuwa sawa lakini ngoma ni ya shetani, juu kwa hayo maneno ya ngoma kanisa liligawanyika, wenye ngoma wakahamia ng'ambo ya barabara, mabati yakitazamana na mabati, na kila Jumapili tunashindana kwa kelele, sisi na kinanda wao na ngoma, na sisi tulikuwa tunajua bila shaka yoyote ni nani anasikizwa huko juu.

Mtu ambaye hakulelewa hivyo huwa anafikiria tulikuwa na huzuni. Hapana. Ni raha sana kuwa na miaka nane na kujua kila kitu. Unapita mtaani unaangalia watu unajua mwisho wao wote. Ile mvua ya El Niño ya 1997 ilipokuja na barabara zikageuka mito, watu wazima walikuwa wanashtuka, mimi nilikuwa nimeshaambiwa na mwalimu wa Sande skuli ni siku za mwisho, kwa hiyo nilikuwa nimetulia kuliko Idara ya Hali ya Hewa.

Utulivu ulikuwa na bei yake lakini. Siku moja natoka shule napata mlango wa nyumba uko wazi, sufuria ya githeri inachemka juu ya jiko, na hakuna mtu. Mama hayuko, mdogo wangu hayuko. Nikajua. Unyakuo umefanyika na mimi nimeachwa, na nilijua mpaka ni kwa nini, ilikuwa ni shilingi tano ya sadaka niliyonunulia mabuyu. Nikakimbia nje, wa kwanza kukutana naye ni jirani yetu, tumuite Mama Adhis, amekaa kwa mlango wake anachambua omena. Sasa Mama Adhis alikuwa anauza pombe ya chang'aa, na jina lake kwa kitabu cha baba lilikuwa kulia, la kwanza kabisa, namba moja. Kumpata yeye hakunisaidii kitu, huyo alikuwa lazima aachwe! Nilihitaji mtu wa kushoto. Nikazunguka ploti yote nikilia mpaka nikapata mzee mmoja wa kanisa amepanga laini ya choo na gazeti mkononi, na sijawahi kumpenda binadamu vile nilimpenda huyo mzee saa hiyo. Mama alikuwa ameenda kununua mafuta ya taa.

Na kesha ya tarehe 31 Disemba 1999, wacha tu. Baba hakununua vitabu vya darasa la sita, juu ya nini. Januari nikaenda shule na karatasi za kalenda ya mwaka uliopita zimeshonwa na uzi, na mwalimu akaniuliza kama kwetu tulikuwa hatukutarajia mwaka mpya. Nikasema hapana. Darasa lote likacheka, na mimi nilikuwa nimejibu ukweli.

Kuna usiku mmoja lakini lazima niuseme polepole. 1996, mdogo wangu ana miaka minne, kifua kimembana, ukiangalia unaona mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Wazee watatu wamekuja, wamemzunguka baba, kuna mafuta ya upako kwa kile kichupa cha glisirini, na wanaomba. Kanisa halikuwa linakataza hospitali waziwazi, ilikuwa tu inajulikana kuwa mwenye imani anaanza na Mungu, na ukikimbilia hospitali mapema watu watakuangalia. Mama amesimama kwa mlango na mtoto, anaangalia wale wanaume, anaangalia mtoto. Saa tano, saa sita. Halafu Mama Adhis akaingia bila kubisha, leso kiunoni, ananukia ile kazi yake, akamtoa mtoto mikononi mwa mama akamwambia baba, "Mzee, hayo maombi mtamalizia njiani." Nje kulikuwa na dereva wa matatu, mteja wake, sijui alikuwa amekunywa ngapi, huyo ndiye alitupeleka. Ilikuwa nimonia. Wakamwekea oksijeni na sindano, siku tisa akatoka.

Jumapili iliyofuata baba alisimama akatoa ushuhuda vile Bwana ameponya. Kanisa likapiga makofi. Mama Adhis hakutajwa, wala dereva, wala oksijeni. Na unajua kitu inanishangaza mpaka leo? Mimi nilikuwa kwa hiyo nyumba, niliona kwa macho yangu, na nilipiga makofi nikiamini ushuhuda wote. Sikuona kasoro yoyote. Mtu wa kulia hawezi kufanya jambo la kushoto, kwa hivyo hakulifanya, imeisha.

Nirukie 2010 sasa, maana hapo ndio nilijiona uso.

Wakati huo niko kampasi mwaka wa pili, nimeacha kanisa kama miezi minane. Sitaeleza nilivyoacha, hakukuwa na siku moja, ni kama vile sweta inaanza kufumuka kwa mkono na unaendelea tu kuvuta ule uzi. Nilikuwa nimenunua suruali tatu Gikomba na nikavaa moja nyumbani makusudi. Baba akaangalia suruali, akaangalia kabati ya vyombo. Hakusema kitu, na nilijua nimehamishwa.

Mwaka huo ndio wa kura ya maoni ya katiba, tarehe 4 Agosti, kijani ni ndio, nyekundu ni la. Makanisa mengi yalikuwa nyekundu, kwa ajili ya kifungu cha 26 na mambo ya kuavya mimba, na pia zile mahakama za Kadhi. Kwetu ilikuwa nyekundu tangu jikoni. Basi mimi nikawa kijani, kijani kibichi, kitambaa kwa begi, fulana, nabishana na watu kwa matatu mpaka konda ananiambia dada shuka utulie. Na katiba yenyewe sikuwa nimeisoma. Nakala zilikuwa zinapeanwa bure, ya kwangu ilikuwa chini ya godoro la hosteli inazuia ubao wa kitanda usilie. Nilikuwa najua tu kuwa baba anaikataa, na hiyo ilinitosha kuwa utafiti.

Jumapili tarehe 13 Juni kulikuwa na mkutano Uhuru Park wa watu wa makanisa wa kupinga hiyo katiba. Jioni kukalipuka. Watu wakafa, wengine wengi sana wakaumia, ikaonyeshwa kwa TV ya hosteli na sisi tumejaa kwa ile rumu. Komredi mmoja nyuma akasema, si wamekuwa wakitaka kuenda mbinguni. Watu wakacheka. Mimi nilicheka. Na sio kucheka kwa aibu, nilicheka mpaka nikamgonga bega mwenye alikuwa kando yangu.

Saa nne na nusu usiku mama akapiga simu. Alikuwa huko. Hakuwa ameniambia anaenda maana hatukuwa tunaongea, na alikuwa ametembea na watu wengine kutoka Uhuru Park mpaka Muthurwa akiwa na kiatu kimoja, kingine kilibaki kwa nyasi watu walipoanza kukanyagana, akapata gari, akafika nyumbani, akanawa mguu, ndio akapiga. Kitu ya kwanza aliniuliza ni, "Umekula?"

Nilikaa kwa kile kitanda na katiba chini yake. Nikagundua kitabu cha baba sikuwa nimekiacha Dandora. Nilikuwa nimegeuza tu majina, wa kushoto nimewapeleka kulia na wa kulia nimewaleta kushoto, lakini mstari ni ule ule. Nilitoka kanisani nikatoka na rula.

Ungedhani hapo ndio nilibadilika. Wapi. Agosti nikapiga kura ya kijani, ndio ikashinda kwa asilimia 67 hivi, nikapiga kelele barabarani kama mtu aliyeandika hicho kifungu cha 26 mwenyewe. Na nikaendelea hivyo miaka mingine mitano. Nilikuwa nakata watu. Ukisema kitu kimoja cha kijinga umeisha, namba yako nafuta. Rafiki yangu wa rumu moja aliokoka tukiwa tumemaliza chuo, akapata mchumba huko huko kanisani, akaniomba niwe msimamizi wake, nikamwambia siwezi kusimama kwa madhabahu ya watu wanaokandamiza wanawake. Maneno yangu hayo hayo, nilimtumia kwa meseji. Sikuenda harusi kabisa. Ana watoto watatu sasa. Tunatumiana heri za Krismasi, zile za kufowadiwa.

Na usidhani hiyo rula ilikuwa ya watu wengine pekee, mimi mwenyewe ilikuwa inanichapa. Nafanya kazi ya uhasibu. Nikikosea hesabu moja kwa ripoti, jioni siwezi kula, nishajihukumu mimi ni bure, mwizi wa mshahara, na kesho ningeamka nifanye kazi mpaka saa nane usiku ili nirudi upande wa wazuri. Ilifika mahali nikaanza kukosa usingizi wiki nzima, ndio mdogo wangu, yule yule wa nimonia, ambaye sasa ni nesi, akanipeleka kwa kaunsela mmoja huko Ngara, 2015.

Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Mama mtu mzima, na ofisi yenye feni ya kelele. Akanisikiliza vikao viwili, cha tatu akachukua karatasi akapiga mstari. Lakini hakupiga wa kusimama kama wa baba, alipiga wa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia, mwisho huu akaandika 0 na mwisho ule 100. Akaniambia sifuri ni binadamu mbaya kuliko wote unaowajua, mia ni mzuri kuliko wote, niambie wewe uko wapi. Wiki hiyo nilikuwa nimemfokea mama kwa simu, nikaweka kidole kwa sifuri. Akaniangalia juu ya miwani. "Sawa. Kwa hivyo wewe na Idi Amin mnakalia kiti kimoja?"

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikasogeza kidole.

Alinieleza kuwa hiyo tabia ya akili, ya kitu ni chote au si kitu, haikuanza na kanisa letu. Kulikuwa na daktari wa Marekani, Aaron Beck, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alikuwa anafuatilia mawazo ya wagonjwa wake wenye huzuni kubwa, akaona wanakatakata dunia vipande viwili bila wao kujua, na akili iliyochoka au iliyoogopa hupenda hivyo kwa sababu ni haraka. Mimi hiyo ilinikera kidogo kusema ukweli. Nilitaka baba awe na makosa yote. Kusikia hata wasioenda kanisa wanapiga huo mstari ilikuwa ni kama kuporwa.

Kikao kingine akasema tumweke baba. Nikasema ishirini. Akasema nipe ushahidi wa ishirini, nikampa, nilikuwa nao mwingi. Akasema sasa nipe kitu chochote kinachokataa hiyo ishirini. Nikanyamaza sana mpaka nikasikia ile feni. Halafu nikakumbuka mapipa.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, Dandora ilikuwa imegawanyika na huo mgawanyo hakuna aliyehitaji kitabu kuujua, jina lako tu ndio lilikuwa upande wako. Sisi ni Wakikuyu, Mama Adhis ni Mjaluo. Alitoka usiku akaenda kwa watu wake Siaya na mfuko mmoja. Asubuhi vijana walikuwa wanaingia nyumba za walioondoka wanabeba. Baba akaenda kwa nyumba yake kabla yao, akatoa vitu kimoja kimoja akavileta sitting rumu kwetu: godoro, meza, sufuria kubwa tatu zenye masizi, mitungi, na mapipa mawili ya kupikia chang'aa. Mapipa ya chang'aa, kwa nyumba ya mzee wa kanisa! Yalikaa miezi minane. Nyumba yote ilinuka ile harufu chachu. Wazee wa kanisa walipokuja kwa maombi ya Jumatano, baba aliyafunika na shuka ya kitanda, ile ya maua, na mmoja akauliza, ni nini hapo? Nilisubiri nione mzee wangu akidanganya kwa mara ya kwanza. Akasema, "Ni vitu vya jirani," akafungua Biblia.

Mama Adhis aliporudi kuchukua vitu vyake walihesabu pamoja, hakukosa hata kijiko. Sikumbuki kama walisema asante na karibu. Nakumbuka baba akisaidia kubingirisha pipa mpaka kwa mkokoteni, amevaa koti lake la kanisa.

Hiyo kumbukumbu nilikuwa nayo miaka saba na sikuwa nimeiweka mahali popote. Haikuwa na safu. Sisi wahasibu tuna kitu kinaitwa akaunti ya saspensi, pesa imeingia na hujui ni ya nini, huwezi kuitupa na huwezi kuiandika uongo, unaiweka huko kwanza mpaka risiti ipatikane. Kazi yangu yote ni safu mbili, debiti na krediti, na hata huko wameacha mahali pa kusema sijui. Nilimwambia kaunsela hivyo, akasema hiyo ni nzuri kuliko karatasi yake. Nina vitu vingi kwa saspensi siku hizi. Mungu mwenyewe yuko huko. Wengine wanasema huo ni uoga, chagua upande, na mimi huwa nawaelewa kabisa, maana nimekuwa pande zote mbili na nilikuwa na uhakika sawasawa kote.

Shosho ndiye alinimalizia lakini, na hakuwa amesoma chochote cha Beck.

Mimi nimeitwa jina lake. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, kwa hivyo baba tangu nizaliwe huniita "mama", hata wakati amekasirika, hata siku ile ya suruali. Shosho alikuwa mlokole wa zamani, wa ule uamsho uliotoka Rwanda miaka ya thelathini ukapitia Uganda ukafika mpaka Murang'a. Kwa kitabu cha baba jina la shosho ndilo lilikuwa na shida. Alikuwa kushoto, lakini uzeeni alianza kunusa ugoro, akisema ni dawa ya meno, baba akamfuta na raba akampeleka kulia. Halafu akaacha ugoro. Akarudishwa. Halafu akaanza tena. Ukiinua ule ukurasa kwa dirisha unaona mahali palipofutwa mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka, kitundu kidogo, karibu kabisa na ule mstari mwekundu.

2017 nilienda kukaa naye wiki moja, na jioni moja anachagua maharagwe nikamuuliza walokole walifanya nini wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni. Alikuwa msichana wa kama miaka kumi na saba ilipotangazwa 1952. Akasema walikataa kiapo cha Mau Mau, walikuwa wanasema wameshakunywa damu ya Yesu na hawawezi kunywa nyingine juu yake. Na serikali ilipokuja na bunduki, jiungeni na homugadi, wale walinzi wa upande wa mkoloni, mjilinde, wengi wakakataa hiyo pia. "Waliokuja usiku walituita watu wa serikali," akasema. "Waliokuja mchana wakatuita watu wa msitu." Wengine waliuawa. Akaendelea kuchagua maharagwe. Halafu akasema kama mtu anayeongea na maharagwe, "Kiapo sikula. Lakini binamu yangu alikuwa msituni, na viazi vitamu nilikuwa nasahau mwisho wa shamba."

Nilimuuliza kama baba anajua. Akatoa ugoro wake, akanusa, akapiga chafya. "Baba yako anapenda vitu viwe vimeandikwa."

Sitaki mtu afikirie nimekuwa wale watu wa kusema kila kitu kina pande mbili. Kuna mahali hakuna. 2023 ile habari ya Shakahola ilipotoka, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu, na watoto wakiwemo, miili zaidi ya mia nne ikafukuliwa kwa ule msitu wa Kilifi, nilikuwa nyumbani kwa wazazi, na siku hizi kuna TV, ilinunuliwa mama alipolazwa na hakuna aliyehubiri. Tulikuwa tunaangalia habari. Hapo mimi sina asilimia za kupeana, mtoto kunyimwa chakula na maji ni sifuri na inabaki sifuri. Baba akachukua rimoti akazima. Tukakaa. Akasema, "Ule usiku wa kifua cha mdogo wako." Nikangoja. Akasema, "Saa sita ilikuwa imepita." Halafu hakumaliza, akaenda kulala, na mama akanipa ishara na kichwa nimuache.

Saa kumi alfajiri nikasikia sauti yake kupitia ukutani. Anaomba akitaja majina, moja moja, bila haraka. La kwanza lilikuwa la Mama Adhis. Kisha la mjomba wa Nakuru, kisha watu nisiowajua, kisha "mama", yaani mimi. Nilisikiza nikingoja afike kwa wale wa kushoto na hakufika. Kumbe wale hakuwa anawaombea kabisa, alikuwa ameshamalizana nao. Miaka ishirini na kitu nilikuwa nasoma ile safu ya kulia kama orodha ya waliokataliwa, na kwake ilikuwa ndio orodha ya kazi. Sijui kama hiyo ilinifurahisha. Kuombewa kila siku kama gari bovu nayo ni matusi ya aina yake. Imeenda saspensi.

Bado tunabishana. 2019 alikataa Huduma Namba, ile namba ya serikali ya kusajili kila mtu, akisema ni chapa ya mnyama, sita sita sita, nikamcheka mbele ya wageni. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema zile kadi zilitolewa kinyume cha sheria, juu serikali ilianza kazi bila kupima kwanza hatari kwa data za watu. Akanipigia simu asubuhi na mapema. "Mama, si nilikuambia." Nikamwambia jaji hakutaja mnyama popote. Akasema mnyama ana mawakili wazuri.

Disemba iliyopita nilienda kumwona. Ana sukari sasa, anakunywa chai ya strungi bila kitu, na kila nikifika kabla sijaketi vizuri lazima aniulize lile swali. Nimelijibu kila namna kwa miaka kumi na tano, nimesema la kwa hasira, nimesema ndio kwa uongo ili tule, nimesema tuachane na hayo. Mara hii akaniuliza akikoroga kikombe ambacho hakina sukari ya kukoroga, mazoea tu.

"Mama, umeokoka?"

Nikafikiria kweli kweli. Nikamwambia, "Kama sitini hivi, baba."

Akaacha kukoroga. Akaangalia nje kwa dirisha muda, midomo inacheza kama mtu anayepiga hesabu, halafu akanigeukia bila mzaha wowote usoni.

"Sitini," akasema. "Hiyo ni kupita ama ni kuanguka?"